Kutoka Fumbo la Beti hadi Fumbo la Maiti

Katika miaka ya 1980, nilipokuwa kijana pale Ngamiani, Tanga, mtu akisema anaandika tulichukulia moja kwa moja kuwa anatunga mashairi. Riwaya zilikuwapo, tena nyingi, lakini machoni petu mwandishi aliyekamilika ni yule ambaye jina lake, pamoja na lakabu yake na sanduku lake la posta, lilitokea chini ya beti katika Uhuru au Mzalendo, au tungo zake zilisomwa katika Malenga Wetu ya Redio Tanzania. Tulikuwa watoto wa mkoa wa Shaaban Robert. Vibambani alikozaliwa hakukuwa mbali nasi, na jambo hilo peke yake lilitutia fahari.

Mapenzi yangu yalikuwa kwenye mafumbo. Mtunzi anatoa fumbo lake gazetini, zinapita wiki, majibu yanaanza kuingia: moja la Lindi, moja la Kigoma, moja la mtu wa Mombasa aliyepata gazeti kwa wasafiri. Mwenye adabu ya ushairi alijibu kwa vina vilevile alivyotumia mwenye fumbo. Ndivyo nilivyojifunza kutunga. Haya hapa ya kwangu ya enzi hizo:

Nimemtuma hasemi, kafika kayaeleza,
Mguu hana hakomi, mitaa akamaliza.

Aliyejibu barua alipata. Aliyejibu upepo naye alikuwa na hoja zake, na mimi sikulazimika kumwambia kitu. Hiyo ndiyo haki ya mwenye fumbo: anaweza kukaa kimya hadi kufa kwake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, aliwapiga watawala kwa tungo ambazo wasioyajua mambo ya mji wangeziona ni maneno ya kawaida tu. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, ameacha mashairi katika diwani yake ya Kimbunga ambayo wasomaji wanabishana juu yake hadi leo.

Hadithi za upelelezi tulizijua. Mjomba wangu alikuwa na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ya mwaka 1974. Baadaye zikaja za Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Vitabu hivyo vilipita mkono kwa mkono hadi majalada yakatoka na kurasa za mwisho zikapotea, ukabaki kumtafuta aliyekwisha kusoma akusimulie muuaji alikuwa nani. Sote tulizisoma. Barazani kwa watunzi hatukuzitaja. Shuleni, mwalimu akikukuta na kitabu chenye picha ya bastola alikichukua na hukukiona tena. Vyuoni waliziita fasihi pendwa, na jina hilo zuri halikuzipa kiti cha mbele.

Ugomvi wetu wa wakati ule ulikuwa mwingine. Euphrase Kezilahabi alikuwa ametoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na miaka kumi baadaye watu walikuwa bado hawajapoa. Nimeona wazee wawili wakiachana bila kuagana kwa sababu ya diwani ile. Katika hali hiyo, malenga wa kutoka kabisa kwenye ushairi akaenda kuandika habari za mauaji na polisi asingepata hata mtu wa kubishana naye.

Kilichobadilika kwanza ni magazeti yenyewe. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992 magazeti yaliongezeka, yakaja ya mwisho wa wiki yenye hadithi za mfululizo, na watu wakawa wanayasubiri kwa ajili ya hadithi. Ukurasa wa mashairi ukawa nusu ukurasa, kisha pembe. Wengi wa rika langu wanasema hilo ndilo lililowavunja moyo. Mimi silioni hivyo. Gazeti likikunyima nafasi unaandika kwenye daftari. Kilichonisukuma mimi ni jambo lenyewe nililotaka kulisema.

Nilikuwa natunga shairi juu ya wasia uliopotea: nyumba ya urithi, mzee amefariki usiku, karatasi haionekani, na kila mtu wa nyumba ile ana maelezo yake. Beti zikaja vizuri. Lakini kila ubeti ulitaka kusemwa na mtu tofauti, na kila mtu alitaka kuaminiwa. Mwanangu wa kwanza wa kiume alikuwa ameanza shule nilipoandika ubeti wa kwanza. Anamaliza darasa la saba, shairi bado halijafungwa.

Nikaenda kwa mzee mmoja, bingwa wa mafumbo kuliko sote pale mjini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unataka kuhamia kwenye hadithi."

"Sihami, Maalim. Jambo nililonalo lina watu wengi."

"Wangapi?"

"Wanane. Saba wanasema uongo."

"Na wa nane?"

"Wa nane ndiye marehemu."

Alikaa kitambo, kisha akasema: "Basi andika. Ila angalia. Anayejibu fumbo lako gazetini unaweza kumficha utakavyo. Msomaji wa kitabu amekununua kwa pesa yake. Huyo unadaiwa naye."

Sijapata fundisho la uandishi lililo zito kuliko hilo. Nilirudi nyumbani nikamsoma upya Muhammed Said Abdulla, safari hii nikimsoma kama fundi anavyoichungulia kazi ya fundi mwenzake. Alikuwa mwandishi wa habari wa Zanzibar, na Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Mtu ameuawa, maiti imekutwa mzimuni, na penye mzimu watu wana jibu tayari. Mpelelezi wa Abdulla, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, halikubali jibu hilo. Lakini aliyenifundisha kazi ni Najum, rafiki yake. Najum yupo kila mahali alipo Bwana Msa. Anaona anachokiona, anasikia anachokisikia, na haelewi. Msomaji amewekwa ubavuni kwa Najum. Hakuna alichofichwa, na mwisho wa kitabu anajua kwamba jibu lilipita mbele ya macho yake mwenyewe. Deni limelipwa.

Hapo nikaanza kuona tofauti ya kazi mbili hizi katika mstari mmoja mmoja. Mshairi wa arudhi anaweka kitu kizito mwishoni, kwenye kina, kwa kuwa sikio linasimama pale. Miaka yote mkono wangu ulikuwa umezoea hivyo. Mwandishi wa upelelezi anataka kinyume chake: kidokezo kikae mahali ambapo sikio halisimami, katikati ya sentensi, kimezungukwa na mambo ya kila siku. Katika hadithi yangu yuko mama muuza vitumbua anayefika kibarazani kabla ya adhana ya alfajiri. Polisi anamuuliza aliona nini. Anajibu: "Mwanangu, nione nini na hali hii? Unga umepanda, mkaa wenyewe ulilowa, taa ya chumba cha mzee ilikuwa inawaka, na sukari nilikuwa sijaletewa." Msomaji anamhurumia kwa unga na sukari. Sura kadhaa mbele daktari anasema mzee alikufa kabla ya usiku wa manane, na jirani anaapa kwamba usiku huohuo wa manane chumba kile kilikuwa giza. Basi nani aliwasha taa? Ningeweka taa mwishoni mwa sentensi, kila mtu angeiona.

Kwa kazi hiyo nilinunua kauntabuku, nikaigawa kwa siku na kwa watu: nani anajua nini, amekijua lini, amemwambia nani. Mshairi hana haja ya kitu kama hicho. Mwandishi wa upelelezi asiyekuwa nacho atamfanya mtu ajue Jumatatu jambo lililotokea Jumatano.

Ushairi nao ulinilipa. Kibwagizo kinamfundisha mtunzi kwamba maneno yaleyale yakirudi baada ya ubeti mwingine hayabaki na maana ileile. Katika hadithi yangu mjane ana kauli moja, "Funguo anazo yeye," na anairudia mara tatu. Mara ya kwanza ni malalamiko, mara ya pili ni shaka, mara ya tatu ni ushahidi. Hilo sikulipata kwa waandishi wa upelelezi, nililibeba kutoka nyumbani. Na mizani imenipa mazungumzo: nikiyasoma kwa sauti najua mara moja mtu gani amesema neno lililozidi.

Leo nikiwatazama waliotutangulia naona sisi ndio tuliojijengea ukuta. Shaaban Robert alitunga tenzi, akaandika insha, akaandika Kusadikika, akaandika wasifu wa Siti binti Saad. Mathias Mnyampala alichukua malumbano ya washairi akayapandisha jukwaani, na ngonjera zikaenea mashuleni nchi nzima baada ya Azimio la Arusha. Said Ahmed Mohamed ana diwani, riwaya na tamthilia. Haji Gora mwenyewe, mvuvi na bingwa wa fumbo, aliandika pia hadithi, Siri ya Ging'ingi, na kamusi ya Kitumbatu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa ameuacha ushairi.

Kwa hiyo malenga mwenzangu unayejiuliza kama uvuke, nakuomba utazame kwanza jambo ulilonalo. Likiwa la sauti moja, lishike kwa beti, hakuna chombo kinachozizidi. Likiwa na watu wanaokanushana, wape nafasi ya kukanushana. Soma kwanza wenye fani hiyo, soma wengi, na uwasome kwa heshima, kwa maana kazi yao ni ngumu kuliko tulivyoaminishwa barazani.

Na kwenu majaji wa mashindano. Leo tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, na kabla yake ilikuja ile ya Mabati-Cornell. Mswada ukianza na maiti katika sura ya kwanza, msiuweke kando mkasema hii ni pendwa. Bwana Msa aliingia katika fasihi yetu kwa mlango wa shindano. Uacheni mlango huo wazi.