Si Lazima Ushuti Logi

Wasee wa kamera, leo mtaniandama kwa komenti na ni sawa. Kama kamera yako inarekodi biti 8, achana na S-Log3. Kabisa.

Profaili ya picha ni maagizo tu. Unaiambia kamera mapema: vivuli viwe vizito hivi, mwanga mkali uubane hapa, rangi ziwe kali au zipoe. S-Log3, ile PP8 kwa Sony, inafinya mwanga mwingi ndani ya faili moja, ndiyo maana picha inatoka kijivu kama jiko lililozimika. Kuirudishia rangi ni kazi yako kwa kompyuta, na hapo ndipo biti zinakuumbua. Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila rangi. Biti 10 ni 1,024. Ukizifinya hizo 256 halafu uzivute tena, hazitoshi. Ukuta unapata mistari, uso unapata mabaka.

Sony a6400 ilitoka 2019, ZV-E10 ikaja 2021. Zote mbili zina S-Log3 kwa menyu na zote zinarekodi biti 8. ZV-E10 II ya 2024 ndiyo ilileta biti 10, lakini huku kwetu wengi bado tunashika zile za kwanza, tena mitumba.

Mwaka jana jirani aliniletea flashi ya ruracio ya dadake. Shosho yao alikuwa ameaga wiki hiyo, na familia ilitaka dakika moja tu ya yeye akicheka, waionyeshe kwa mazishi. Aliyeshuti alitumia S-Log3 chini ya hema la bluu, na akashuti giza. Nilipovuta mwanga, mashavu ya shosho yakatoka mabaka ya kijani na zambarau. Nilikaa na hiyo faili mpaka saa nane usiku. Asubuhi mama yao akaiangalia, akasema polepole, "Huyu si mama." Ningemwambia nini, manze? Mwishowe walitumia klipu ya simu ya mjukuu, imetikisika lakini rangi iko fiti, na kila mtu pale alimtambua.

Zamani maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Ngozi yetu haikuwa kwa hiyo hesabu. Hadi leo utasikia jamaa wa YouTube akikwambia weka zebra 70 kwa uso. Ya nani? Ukingoja mistari ya 70 ipande kwa uso wa msee mweusi hapa Umoja saa saba mchana, jua liko utosini, ukuta wa ploti ulio nyuma yake umeshaungua wote.

Mimi natumia PP5, yenye gama ya Cine1. Inalainisha mwanga mkali kidogo na rangi inatoka karibu tayari. Naangalia uso kwanza, anga ijitegemee. Na mizani ya weupe naiweka kwa mkono: nashika karatasi nyeupe palepale mtu atakapokaa, naipima. Chini ya hema hiyo karatasi ina maana kuliko profaili yoyote, kwa sababu bluu ikishaingia kwa ngozi kwenye biti 8, kuitoa ni balaa. Nikishuti nganya usiku nazima profaili kabisa. Zile taa zenyewe ni rangi tosha.

Kuna pia story ya doh. Niliacha chuo mwaka wa pili na kamera ndiyo inalipa rent. Klaienti anataka video kwa WhatsApp jioni hiyohiyo. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 8, na masaa ya kupaka rangi hakuna anayeyalipa. Ukiwa na biti 10, taa zako, na mtu amelipia siku tatu za kuhariri, shuti logi hata mimi nitakuunga mkono. Ila usiishuti ndiyo uonekane profeshono mbele ya wasee wengine wa kamera.

Jumamosi niko Kayole, harusi. Nimeshauliza hema ni la rangi gani. Manjano. Karatasi iko kwa begi.