Pachika na Pachua

Kwa miaka mingi nilifundisha kitenzi pachika kwa mfano wa mwindaji apachikaye mshale kwenye uzi wa upinde. Maana yake nyingine nilifunzwa na chumba cha kompyuta.

Chuo cha ualimu nilikofundisha kilikuwa na kompyuta chache zilizoendeshwa na Linux, nami nilikabidhiwa usimamizi wake. Mwanachuo aliweza kuchomeka flashi yake apendavyo, lakini kuipachika, yaani kuiunganisha na mfumo ili mafaili yake yaonekane, kulihitaji nywila ya msimamizi. Nywila hiyo tuliijua wawili tu: fundi na mimi. Nilihofia programu haribifu, nikajiona mlinzi mwema.

Ijumaa moja nilikuwa mazishini, na fundi alikuwa likizo. Mwanachuo mmoja alikuwa na utenzi wake kwenye flashi, na jopo la walimu lilikuwa likipokea kazi siku hiyo hiyo. Aliichomeka, isifunguke. Akaketi kuuandika upya kwa mkono, kwa kumbukumbu. Jumatatu alinijia. "Shikamoo mwalimu. Beti nyingine zilinitoka." Nilipoipachika flashi, beti zote zilikuwemo. Alama zilikuwa zimekwisha kutolewa.

Fundi aliporejea, nilimwuliza kama pana njia nyingine. Alifungua faili liitwalo fstab, ambamo kila diski ina mstari wake, akaongeza neno moja la Kiingereza: user, yaani mtumiaji. Basi. Hofu yangu nayo ilipata jibu, kwani neno hilo huja na makatazo yake: programu zilizomo ndani ya diski haziendeshwi moja kwa moja kutoka humo, wala haziwezi kujitwalia mamlaka ya msimamizi. Mgeni hukaribishwa sebuleni. Ufunguo wa ghala hapewi.

Kisha akanionyesha jambo lililonifurahisha kama mwalimu wa lugha. Ukiandika user, aliyepachika ndiye apachuaye, msimamizi akiwa ndiye pekee awezaye kumwingilia. Ukiongeza herufi moja, ikawa users, mtumiaji yeyote aweza kupachua kilichopachikwa na mwenzake. Sisi wingi wetu huonekana mwanzoni mwa neno, mtumiaji kwa watumiaji. Wao huuweka mwishoni. Tulichagua umoja, ili kila mtu aimiliki kazi yake.

Ukutani nikabandika karatasi: "Pachua kabla ya kuchomoa." Wanachuo waliodhani ni maneno ya maana moja niliwaeleza kwamba kuchomoa ni kazi ya mkono, ilhali kupachua ni kuupa mfumo nafasi ya kumaliza kuandika ulichokuwa bado umekishikilia. Anayechomoa kwa pupa huweza kuacha beti njiani.

Mwenye utenzi alikuwa miongoni mwa waliopachika flashi zao wenyewe wiki ile. Alinisomea kazi yake yote, mwanzo hadi tamati. Ilikuwa nzuri kuliko alama alizopata, na mlango uliomfungia niliulinda mimi.