Tangambili ya Miezi Mitatu

Sheffield, Uingereza

Mjomba,

Uliponipigia simu uliuliza mbona kila tukizungumza hali ya hewa ya huku ni nyingine: wiki hii nimejifunika koti, wiki ijayo naota jua kwenye ngazi za nje. Ni swali la nahodha, na jibu lake halitoshi kwenye simu. Ndiyo sababu nakuandikia.

Majira yao ya machipuko, yaani Machi, Aprili na Mei, hayana joto lake wala baridi yake. Kisiwa hiki kimezungukwa na pande nne zisizopatana. Mashariki, ng'ambo ya bahari, kuna Urusi na Siberia, ambako Machi ardhi bado imeganda. Kaskazini ni bahari ya barafu. Magharibi ni Atlantiki, inayoleta mvua na uvuguvugu. Kusini ni Hispania, na nyuma yake jangwa la Sahara. Upepo ukitoka upande mmoja, nchi nzima inakuwa mali ya upande huo, na ukigeuka usiku mmoja, asubuhi unaamka katika nchi nyingine. Huko Pangani kaskazi ikilala mnapata tangambili, wiki chache za upepo usio na mwenyewe, mpaka kusi ishike. Hapa tangambili huchukua miezi mitatu, na kuna miaka ambayo hakuna upepo unaoshika.

Mwaka 2013 ndipo nilipoujua upepo wa mashariki. Machi ya mwaka ule wastani wa joto kwa Uingereza nzima ulikuwa nyuzi 2.2. Tangu 1962 haikuwahi kuonekana Machi ya baridi vile, na ilizidi kwa baridi Desemba, Januari na Februari zilizoitangulia. Jumapili ya Pasaka, tarehe 31, kijiji cha Braemar huko Scotland kiliamkia nyuzi 12.5 chini ya sifuri. Mjini tulisumbuka, lakini waliolia hasa ni wafugaji. Machi ni mwezi wa kondoo kuzaa. Upepo ukivuma kwa nguvu, kondoo hujibanza nyuma ya kuta za mawe zinazogawa malisho milimani, na theluji inayopeperushwa huja kulundikana papo hapo walipojificha. Kule Cumbria, Wales, Ireland ya Kaskazini na Isle of Man wafugaji walipanda milima na fito ndefu, wakichoma theluji kidogo kidogo wasikie kama chini kuna mwili. Wengine walifukua kondoo hai baada ya siku kadhaa. Wengi walifukua mizoga ya mama na watoto pamoja. Ireland ya Kaskazini helikopta za jeshi ziliangusha lishe kwa mifugo ambayo hakuna gari lingeweza kuifikia. Nilitazama picha zile nikakukumbuka wewe na mwaka ule dhoruba ilipokula mashua yako, jinsi ulivyokaa ufukweni bila kusema neno.

Sasa nikuhesabie mwaka 2018, maana hata wazee wa hapa hawajamaliza kuuzungumzia. Februari hewa ya juu sana kwenye ncha ya kaskazini ya dunia ilipata joto ghafla, pepo za huko zikageuka, na kabla mwezi haujaisha baridi ya Siberia ilikuwa mlangoni kwetu. Magazeti yaliiita Mnyama wa Mashariki. Tarehe 1 Machi, siku ambayo watabiri wa hapa huihesabu kuwa ya kwanza ya machipuko, mji wa Tredegar huko Wales haukupanda zaidi ya nyuzi 4.7 chini ya sifuri mchana kutwa. Halafu upepo ukahamia kusini. Tarehe 19 Aprili, wiki saba tu baadaye, kipimajoto cha St James's Park jijini London kilisoma nyuzi 29.1. Ilikuwa siku ya Aprili yenye joto kuliko zote tangu 1949.

Siku tatu baada ya hapo zikawa mbio za London Marathon, na joto likafika nyuzi 24.1, kiwango ambacho mbio hizo hazikuwahi kukiona tangu zianze 1981. Maelfu ya watu walikuwa wamefanya mazoezi yao kwenye theluji. Eliud Kipchoge alishinda kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 17, na Vivian Cheruiyot akashinda kwa wanawake. Katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi tuliwatazama kwenye televisheni, madirisha yote wazi, nami nilisimama nikipiga makofi kwa Wakenya wale kama ndugu wa tumbo moja.

Lakini mwaka unaonipa hofu ni 2021. Tarehe 30 Machi bustani ya Kew ilifika nyuzi 24.5, na hakuna Machi iliyokuwa na siku ya joto hivyo tangu 1968. Tarehe 5 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, upepo ulikuwa umeshageukia kaskazini, na theluji ilidondoka Scotland na sehemu za kaskazini mwa England. Aprili ile ilikuwa na usiku mwingi wa sakitu kuliko Aprili yoyote katika kumbukumbu zinazoanzia 1960. Joto la mapema huamsha mitufaha na mizabibu. Ua likishafunguka, usiku mmoja wa nyuzi mbili tatu chini ya sifuri unatosha kuua kiini cha tunda. Kwa nje linabaki jeupe na zuri, ukilipasua katikati unakuta pameungua, peusi. Kwenye mashamba ya zabibu ya kusini wakulima huwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari na kukesha wakiilinda. Mkulima hapa haogopi baridi yenyewe. Anaogopa joto lililokuja kabla ya wakati wake, kwa sababu ndilo linaloifanya baridi kuua.

Kuhusu 2020 sijapata kukusimulia, na sitasema mengi. Ule ulikuwa mwaka wa UVIKO, na machipuko yake yalikuwa na jua kuliko yote yaliyopimwa mpaka wakati ule, saa 626 kwa wastani wa nchi nzima. Mbingu safi, ndege wanaimba, barabara tupu. Ndani ya nyumba yetu ya wazee tulikuwa tunafunga macho ya wazee ambao watoto wao waliwaaga kwa kuweka kiganja kwenye kioo cha dirisha. Mpaka leo Aprili ikiwa nzuri mno, kifua changu hubana kwanza, ndipo nafurahi.

Bibi mmoja niliyemhudumia alikuwa akinisimulia theluji iliyosimamisha mchezo wa kriketi huko Buxton, mji wa jirani yetu, tarehe 2 Juni 1975. Juni, Mjomba! Nilidhani ni usahaulifu wa uzee mpaka mwanawe akaniletea gazeti.

Hadithi kama hizo huwafanya baadhi ya watu waseme mambo yamekuwa hivi siku zote. Mageuzi ya upepo, ndiyo, ni ya siku zote. Mizani yenyewe ndiyo imeinama. Machipuko ya 2024 yalivunja rekodi ya joto, na rekodi hiyo ikavunjwa mwaka mmoja tu baadaye: 2025 wastani ulikuwa nyuzi 9.5, na jua saa 653, zaidi hata ya 2020. England haikuwa na machipuko makavu vile kwa zaidi ya miaka 100. Mei ukame ulitangazwa kaskazini magharibi, Juni ukafika kwetu Yorkshire. Mambo haya yanawagusa hata ndege. Kekeo, wanaokaa miezi ya baridi kwenye misitu ya Kongo, hurudi huku Aprili kwa ajili ya viwavi. Machipuko yakiwahi, viwavi nao huwahi, na ndege aliyetoka Kongo hana wa kumpa habari.

Watu wa huku wanaweza kuyasema haya kwa uhakika kwa sababu waliandika. Joto la kila mwezi la England ya kati linajulikana tangu 1659. Huko Norfolk mwenye shamba mmoja, Robert Marsham, alianza 1736 kuandika dalili za machipuko: jani la kwanza la kila mti, mbayuwayu wa kwanza, sauti ya kwanza ya kekeo. Ukoo wake uliendelea na kazi hiyo mpaka 1958.

Wewe unayajua ya Pangani kwa kiwango hicho, na yote yako kichwani mwako. Nimemtumia binti Mwanaisha mzigo akuletee, na ndani yake kuna daftari gumu la kurasa nyingi na kalamu za kutosha. Naomba uanze mwaka huu. Andika siku kaskazi ilipolala, siku kusi iliposhika, mvua ya kwanza ya masika, siku mashua zilipopandishwa nchi kavu, na siku miembe ya kwa Bibi ilipotoa maua. Miaka ya nyuma unayoikumbuka vizuri ianzie ukurasa wa mwisho, ukirudi mbele, ili isichanganyike na ile unayoishuhudia sasa.

Mpwa wako akupendaye.