Keko, Kwenye Vumbi la Mninga

Ukipita Keko, Dar es Salaam, usizibe pua. Vumbi la mninga lina harufu yake, bwana! Vitanda, makabati na milango vimepangwa mpaka kando ya barabara, na kila fundi anakuita "bosi" hata kama mfukoni una nauli tu.

Juzi nilimsindikiza shangazi kuchagua nakshi za kofia ya jiko, lile boksi la mbao linaloficha feni ya kuvuta moshi. Kichwani anayo milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar: minyororo, mayungiyungi, samaki, vyote achongewe. Fundi akacheka.

"Mama, ule ni mlango. Hapa mafuta yataingia kila tundu, utasugua na mswaki mpaka uchoke."

Mimi nilikuwa upande wa fundi. Mlangoni hakuna kikaango! Akatuonyesha ufito mwembamba wa mviringo, usio na mifereji, unaofutika kwa kitambaa kimoja. Na ndani, akasema, lazima bati, mbao isipigwe na joto ikapasuka au kushika moto.

Shangazi kushindwa hataki. Minyororo akaihamishia juu karibu na dari, mstari mmoja. Chini ufito mtupu. Walipoanza kuvutana bei ya kuchonga, nikaenda zangu kutafuta mahindi ya kuchoma.