Bwana Mwema Mwenye Madeni

Tulikuwa watu 7 chini ya mwembe, pale Kasongo, kila siku ya Mungu saa tisa. Kitabu kilikuwa kimoja tu, cha Kifaransa: La Case de l'oncle Tom, alichokitoa mama Mmarekani, Harriet Beecher Stowe, mwaka 1852. Mwalimu anasoma, kisha anatuelezea kwa Kiswahili. Kurasa za mwisho mchwa walikwisha kuzila.

Bwana Shelby wa Kentucky si mtu mkali. Lakini madeni yamemkaba, basi anamwuza Tom pamoja na mtoto wa Eliza. Mzee mmoja akasema: “Hata kwetu, siku za Tippu Tip, mtumwa alikula vizuri kwa bwana wake.” Mama mmoja, ambaye wazee wake waliletwa na Matambatamba wamefungwa kamba, akamjibu: “Baba, hata Tom alikula muzuri. Na deni lilipokuja?” Tukagombana mpaka magharibi. Vijana wakaingiza na pamba ya lazima ya Wabelgiji, maana vita ya 1893 iliwatoa Waarabu Kasongo, haikutoa kulazimishwa.

Juma lililofuata tukafika kwa Seneta Bird. Yeye amepiga kura kwa sheria ya kukataza watu wasisaidie watoro. Usiku Eliza anafika kwake, amevuka mto Ohio juu ya vipande vya barafu, mtoto kifuani; na Seneta mwenyewe anampeleka mafichoni! Wenzangu wakacheka sana.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekopa kwa shefu mmoja wa shimo la dhahabu, upande wa Salamabila kule Kabambare, kwa ajili ya dawa za mke wangu. Kwa deni hilo mtoto wetu wa miaka 12 alikuwa anabeba mchanga. Nami nilijiambia kila siku: anakula, hapigwi. Maneno yale yale ya mzee.

Usiku nikamweleza mke wangu. Akasema: “Njo leo umejua? Si nilikatala tangu mwanzo?” Kumbe hata Bibi Shelby alikataa, hakusikilizwa.

Nikauza baiskeli, nikaenda. Shefu akapiga hesabu: bado gramu 2. Mtoto akaniuliza, “Baba, umekuja kunichukua ao kuniona tu?” Nikamwambia akamate vitu vyake, arudi kwa mama yake.

Zile gramu 2 ninazitafuta mimi mwenyewe shimoni. Haya nayaandika usiku, kwa tochi. Wenzangu kule Kasongo wamekwisha kufika kwa Legree bila mimi.