Injini mpya, mimba ya miezi minane na kilomita 500 za kwenda taratibu

Pikipiki ilipoanza kutoa moshi wa bluu, mama wa nyumba hiyo ya Kibiti alijua kuna fedha itatoka. Mumewe, dereva wa bodaboda, alikuwa akimkwepa fundi kwa miezi. Asubuhi anaongeza oili, jioni imepungua tena. Injini ilipofunguliwa, ringi zilikuwa zimekwisha na silinda imelika kwa vumbi. Chujio la hewa lilishatolewa siku nyingi “ili ivute vizuri”. Kwa mtu anayekata kona Bungu kila siku kushuka Nyamisati, kutoa chujio ni sawa na kuilisha injini mchanga.

Silinda ikachongwa, zikawekwa pistoni na ringi mpya, valvu zikasagwa. Fedha zilitoka kwenye kikoba cha mama, na kikoba hakisubiri. Sehemu nyingine ilikuwa akiba ya kujifungua, maana alikuwa na mimba ya miezi minane, ya pili.

Fundi alimwachia baba masharti. Asiikimbize. Abebe abiria mmoja tu, bila magunia. Asikae kwenye mwendo uleule kwa muda mrefu. Oili ya kwanza imwagwe mapema, hata kama bado inaonekana nzuri. Sharti la abiria mmoja wala si geni, kwa kuwa mishikaki imekatazwa tangu kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria. Ila kila mtu anajua yanayofanyika barabarani.

Jioni hiyo hiyo ushauri mwingine ukaanza kuingia. Kijiweni walimwambia aiwashe usiku kucha ikiwa imesimama, ijizoeze yenyewe. Iwekwe ndani, sebuleni, inakolala siku zote kwa kuogopa wezi.

Huu ndio ushauri mbaya kuliko yote, na ubaya wake ni wa aina mbili.

Kwanza, hausaidii injini. Silinda iliyochongwa upya haiwi laini kama kioo. Huachiwa mistari midogo iliyokatizana, na ringi mpya husuguana na mistari hiyo mpaka zikae sawasawa. Kinachozibana ringi ukutani ni nguvu ya mafuta yanayolipuka juu ya pistoni. Injini ikiunguruma tu bila kubeba kitu, nguvu hiyo ni ndogo. Oili hubaki ukutani, inaungua na kuacha utando unaong’aa, na ringi hazikai tena. Moshi wa bluu unarudi na fedha ya kikoba imekwenda. Ukiipiga mbio nayo, joto linapanda, pistoni inavimba ndani ya silinda ambayo bado imebana, injini inanoki. Njia iliyo sawa iko katikati: iwake dakika chache ipate moto, kisha itembee, ikiongezewa mwendo na kupunguzwa, na ipumzishwe ikichemka.

Pili, watu wanaolala ndani ya nyumba hiyo. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anahisi kutapika. Mama mjamzito atadhani ni mimba, baba atadhani ni malaria, na mtoto aliyelala hatasema chochote. Aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hewa yake yote inapitia kwenye damu ya mama. Mlango au dirisha kuwa wazi hakutoshi. Injini huwashwa nje, mbali na madirisha, hata kama ni ya dakika tano.

Mama aliposikia habari ya sebuleni hakuhitaji maelezo ya kisayansi. “Baba watoto, hiyo ikiwaka humu ndani, mimi na mtoto tunalala kwa dada,” alisema.

Kisha akafika mjomba kutoka Nyamisati, mtu wa boti maisha yake yote.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Nimesikia mmefungua mashine. Changanya oili kidogo kwenye petroli, italainika.”

Mjomba hakuwa akibahatisha. Injini nyingi za boti kule delta ni za mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli, na ikiwa mpya huongezewa oili zaidi siku za mwanzo. Ni elimu sahihi ya mashine nyingine. Pikipiki hii ni ya mipigo minne, oili yake inakaa chini peke yake. Ukiichanganya kwenye tangi utachafua plagi na kujaza masizi juu ya pistoni. Tena oili hiyo ndiyo inayoogesha klachi, hivyo si kila oili ya gari inafaa; kwenye kopo la oili ya pikipiki hutafutwa alama ya JASO MA. Baba alimjibu mjomba kwa adabu kwamba fundi amekataza, wakaendelea na chai.

Siku ya sita ndipo pagumu palipofika. Mteja wa Jaribu Mpakani alitaka kupeleka magunia mawili ya mkaa na yeye mwenyewe juu yake, kwa malipo yanayozidi kazi ya siku nzima. Baba akakataa. Mama, ambaye kesho yake alikuwa na marejesho, akanuna. Walikuwa wanaogopa kitu kimoja kwa njia mbili, na usiku ule walilala hawajasemezana.

Kilichowarudisha mezani ni swali la nesi kliniki. Alimuuliza mama: ikitokea dharura usiku, mtakwenda na nini? Akajibu, pikipiki ya mume wangu. Na ikikataa kuwaka?

Nyumba nyingi hazina jibu la swali hilo. Nesi akamtajia 115, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, wenye magari ya wagonjwa na madereva wa jamii. Akamkumbusha dalili ambazo hazingoji asubuhi: kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso kuvimba, degedege, chupa kuvunjika kabla ya wakati, mtoto kupunguza kucheza. Kwa wanaotoka visiwa vya ndani ya delta, ambako boti inangoja maji yajae, ushauri ulikuwa kuhamia kwa ndugu aliye karibu na kituo kabla siku hazijakaribia.

Namba ikaandikwa kwa chaki nyuma ya mlango. Mama akaongea na mweka hazina wa kikoba, akakubaliwa kurejesha nusu wiki hiyo. Pikipiki ikabaki ya kazi ya mchana.

Kwenye kilomita 320 baba aliirudisha kwa fundi. Vitabu vya pikipiki nyingi huweka sevisi ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000, lakini kwa injini iliyochongwa mtaani fundi huyu hataki kusubiri. Oili ilitoka nyeusi, na ilipomulikwa juani ikaonekana ina vumbi la chuma linalometameta. Mama alikuwepo, amekalia ndoo iliyogeuzwa.

“Fundi, ndiyo imeharibika tena?”

“Hapana mama, hayo ni masalia ya kusuguana. Yakibaki humo ndiyo yataharibu.”

Oili chafu ikaingia kwenye dumu la fundi, si kwenye mtaro. Mpya ikamiminwa, valvu zikapimwa, eksozi ikatoa moshi mwepesi usio na rangi. Zilibaki kilomita 180 kutimiza 500, na kliniki nyingine ilikuwa Jumanne.