Njiti za Kiberiti na Akili za Wazee Wetu

Ndugu zangu wa Tunduma, Vwawa na Mbozi yote,

Masomo yangu yanakwenda kwa mwendo wake wa polepole, kwani njia hii ya kuwa tabibu na mtafiti kwa pamoja humtaka mtu asome utabibu miaka miwili, kisha awaache wagonjwa aende maabara miaka mitatu, minne au zaidi kuitafuta shahada ya uzamivu, na arejeapo wodini huwa amekwisha kusahau nusu ya aliyofundishwa, jambo la kuchekesha kidogo kwa mwanafunzi wa maradhi ya kusahau.

Maradhi hayo ndiyo aliyoyaeleza Alois Alzheimer mbele ya matabibu wenzake mjini Tübingen mwaka 1906, baada ya kuuchunguza kwa hadubini ubongo wa mwanamke aliyepata kumwuguza Frankfurt, akakuta humo madoa ya takataka na nyuzi zilizosokotana. Leo twajua kwamba madoa yale ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi ni nyingine iitwayo tau. Dawa ya kuponya bado hatunayo.

Wataalamu wa mji huu ninaoishi, Indianapolis, walishirikiana miaka mingi na wenzao wa Ibadan, Nigeria, kuyachunguza maradhi haya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalidhihirisha kwamba wazee wa Kiyoruba waliougua upya kila mwaka hawakufika nusu ya kiasi cha Wamarekani weusi wa hapa. Lakini msije mkadhani, kama nisikiavyo wengine wakijigamba, kwamba haya ni maradhi ya ughaibuni tu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba walikuta asilimia 6.4 ya wazee wa miaka 70 na zaidi wameingiwa na upungufu wa akili wa uzeeni, ambao maradhi haya ni aina yake mojawapo.

Lililonivutia zaidi katika kazi ya Hai ni namna ya kuwapima. Huku mzee huambiwa atoe saba katika mia, atoe tena saba, kisha achore uso wa saa. Mchukueni bibi wa Kinyamwanga auzaye mchele mpakani Tunduma, asiyepata kushika kalamu tangu azaliwe, ambaye hugeuza kwacha kuwa shilingi kichwani kabla mnunuzi wa Nakonde, upande wa Zambia, hajamaliza kuuliza bei: mwekeni mbele ya karatasi ile, naye ataandikwa mgonjwa. Kipimo kilichotengenezwa Hai humwuliza mzee daraja ni nini na mkuu wa kijiji ni nani, humtaka ataje wanyama kwa dakika moja, kisha humpa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Kwa rai yangu, ilimu iliyomo katika njiti hizo haipungui ile ya mashine za thamani zipigazo picha za ubongo.

Nawaombeni basi, mzee akianza kupotea njia ya shambani kwake, au akikutwa usiku uani kwa jirani, msikimbilie neno la uchawi. Mpelekeni hospitali apimwe shinikizo la damu, tezi ya shingo na upungufu wa vitamini, na mseme kama alianguka akaumia kichwa, maana baadhi ya kusahau huko kunatibika.